Nilimwambia Baba Arudi Kesho

Baba yangu alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaniuliza kama mwenye nyumba yupo.

Nikamwambia hayupo, arudi kesho.

Akashukuru, akaondoka.

Nami nikafunga mlango huku nacheka.

Kabla hamjaanza kunishambulia kwenye komenti, naomba mnisikilize mpaka mwisho. Mkimaliza nishambulieni tu. Hakuna neno mtakalosema ambalo sijajiambia mwenyewe.

Mimi ni mtu wa aibu. Kikao cha familia nakaa karibu na mlango, ili nikiulizwa maoni niwe nimeshatoka. Na machozi yangu yako jirani sana. Nikiona mtoto wa mtu puto lake limepasuka, nalia mimi kabla yake. Nyumbani walishazoea.

Kazi yangu ni kwenye duka la miwani. Nachagua fremu na mteja, nakata lenzi, namvalisha, namuuliza kama inabana nyuma ya sikio.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilipomaliza nikarudi nyumbani kuishi na baba na wadogo zangu wawili.

Wa kike ana miaka kumi na sita. Tunamwita Redio, kwa sababu tangu ajue kuongea hajawahi kuzimwa. Wa kiume ana kumi na minne, huyo ni Profesa. Anajua kila kitu duniani, isipokuwa vilivyomo kwenye madaftari yake.

Baba ni msoma mita mstaafu. Miaka thelathini na moja alizunguka mitaani, anaingia uani kwa watu, anachuchumaa kwenye mita ya maji, anasoma namba, anaandika, anakwenda nyumba inayofuata.

Tulipokuwa wadogo alikuwa na mchezo wake. Akirudi kazini hafungui mlango. Anabisha, anakaza sauti kama mtu baki: "Hodi, msoma mita. Mwenye nyumba yupo?"

Sisi ndani tunaitikia kwa pamoja: "Hayupo, rudi kesho!"

Anasema haya, asanteni. Kisha tunasikia hatua zake. Moja, mbili, tatu. Ya tatu ikilia tunafungua mlango na kumrukia, na mama kule jikoni anatuambia tukimvunja mgongo mumewe tutamlipa mwingine.

Mama alipoondoka, mchezo ule nao ukaisha. Hakuna aliyesema uishe. Uliisha tu.

Sasa ngoja niwaambie nilivyoharibu.

Kama miezi mitatu hivi iliyopita, Redio alizimika. Binti ambaye alikuwa anasimulia mpaka ndoto za watu wengine akawa anajibu "ndiyo" na "hapana". Simu akaiwekea namba ya siri. Nikirudi kazini saa kumi na mbili na nusu jioni, nakuta viatu vyake vina vumbi bichi na geti la nyuma halijarudishiwa komeo. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa ananyoosha miguu.

Profesa anakohoa, anaangalia dari.

Baba naye alikuwa anasahausahau, hilo nililiona. Anatafuta miwani nayo iko usoni. Tulikuwa tunacheka pamoja naye, namwambia hata wateja wangu vijana wana ugonjwa huo.

Jumamosi moja nikawapeleka wote watatu kwenye bwawa la kuogelea. Nilikuwa nimeipigia hesabu siku hiyo mwezi mzima. Profesa aliruka majini na miwani ya jua ya baba, akaibuka bila miwani. Baba alikaa kivulini na viatu vyake vimefungwa kamba, anatutazama.

Ilipofika saa kumi, Redio akatoka majini akasema turudi.

Nikamwambia tiketi ni ya mpaka jioni. Akasema yeye lazima awe nyumbani saa kumi na moja. Kwa nini? Kwa sababu. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu tu, dada.

Tulibishana pale mbele za watu, mimi nisiyependa kutazamwa. Baba alikuwa ameshasimama. Aliniuliza tunaenda nyumbani saa ngapi. Nikamwambia atulie, ndiyo kwanza tunaanza kufurahi. Akakaa. Baada ya dakika mbili akasimama tena, akauliza swali lile lile.

Nilimsikia. Sikumsikiliza. Macho yangu yote yalikuwa kwa Redio.

Wiki iliyofuata akaja dukani mama mmoja ambaye binti yake anasoma na mdogo wangu. Nilipokuwa nampima upana wa uso, akashusha sauti. Akasema hapendi umbea, ila na yeye ni mzazi. Amemwona Redio zaidi ya mara moja kwenye ile njia ya nyuma ya nyumba zetu, jioni, na mwanaume mtu mzima. Wameshikana mikono.

Nikamuuliza ana uhakika.

Akasema amewaona kwa macho yake.

Jamani. Yule mama alikuwa amekuja dukani kwetu kwa sababu haoni mbali. Karatasi ya vipimo vyake ilikuwa mezani, mbele yangu. Na nikamwamini.

Nilifika nyumbani mbio. Redio alikuwa anakunja nguo. Sikumuuliza. Nilimwambia ninachojua, kama mtu anayesoma hukumu. Yeye alinisikiliza na shati la baba mkononi, hakukana, hakukubali. Profesa akafungua mdomo, Redio akamtazama, mdomo ukafungwa.

Ukimya ule nikauona ndio ushahidi.

Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo silimezi wala silitemi. Nikamwambia, "Mama angekuwa hai, ungemuua wewe kwa aibu."

Hakulia. Aliweka shati, akaenda chumbani.

Nikatoka nikanunua kufuli, nikalifunga geti la nyuma. Nikatoa amri: kutoka shule ni ndani, na Profesa ni masomo ya ziada mpaka jioni. Ufunguo wa kufuli nikaenda nao kazini, nikautupia kwenye droo yangu. Nikajiona dada wa maana kweli.

Kesho yake, Ijumaa, mashine ya kukatia lenzi ikagoma. Bosi akaturuhusu mapema. Saa kumi na moja na robo nikawa nyumbani. Sebuleni hamna mtu. Nikadhani baba yuko chumbani kwake amepumzika. Sijavua hata kiatu cha pili, nikasikia hodi mlangoni.

Nikafungua. Ni baba, amevaa koti na kofia yake ya kazini.

Akasema kwa heshima zote, "Samahani, binti. Mwenye nyumba yupo?"

Nilijisikia joto kifuani. Miaka mitatu tangu mama aondoke, na leo baba ameukumbuka mchezo wetu. Nikajua ameona ninavyogombana na mdogo wangu, anataka kuichangamsha nyumba. Nikaikaza sauti kama zamani. "Hayupo. Rudi kesho."

Akanitazama kidogo. Akagusa kofia. "Haya, asante."

Nikafunga mlango, nikaegemea nyuma yake huku nacheka, nahesabu hatua.

Moja. Mbili. Tatu.

Nikafungua.

Barabara ilikuwa tupu.

Nikajua ameamua kuuongeza utamu wa mchezo, amejificha. Nikarudi ndani nikisubiri abishe tena. Aliyetokea ni Redio, kutoka uani, na jiwe mkononi na vidole vimechubuka. Alikuwa anapambana na kufuli langu.

Akaangalia kiti cha baba, alipokuwa amemwacha. Akaniuliza baba yuko wapi.

Nikamwambia yuko nje, ananitania, anajifanya hapajui kwake.

"Dada," akasema, "hajifanyi."

Yaliyofuata aliniambia tukiwa tunakimbia, maneno yakikatika kwa pumzi. Kila siku ikifika saa kumi na moja, baba anainuka kitini anasema asante kwa ukarimu wenu, sasa naenda nyumbani. Ukimwambia ndiyo hapa, anaogopa. Ukimzuia, anatetemeka. Redio akagundua kwamba dawa ni kumtoa. Anamshika mkono, wanazunguka mtaa mzima taratibu, wanaingilia geti la nyuma, pale ilipo mita yetu ya maji. Baba anachuchumaa, anasoma namba ya mita. Hiyo haijamtoka kichwani. Akiiona anasema, nimefika.

Nikamuuliza kwa nini siku hiyo hakumpeleka kwenye mita kwa kupitia jikoni.

"Nilimpeleka. Akasema ni ya watu. Lazima aondoke kwanza, ndiyo afike."

Mwanaume mtu mzima. Wameshikana mikono.

Nilianza kumwita baba kwa sauti barabarani. Redio akaniambia nisihangaike na barabara, nitazame nyua za watu. "Anafuata mita."

Tulimpata mtaa wa nne, jua linazama. Alikuwa amekaa chini ndani ya ua wa nyumba asiyoijua, vijana wawili wamemsimamia na mwenye nyumba ana fimbo. Mita zimekuwa zikiibwa kule. Walimkuta amechuchumaa anashikashika yao. Mkono wa koti ulikuwa umechanika, na mdomo wake una damu kwa kofi alilopigwa.

Redio hakupiga kelele. Alipita katikati yao akamwinua baba, akawaambia huyu ni baba yake, amesoma mita za mji huu kabla wao hawajazaliwa. Mwenye nyumba akateremsha fimbo, akaanza kuomba radhi mpaka ikawa kero.

Mimi nilisimama pale pale nalia. Ndicho nilichoweza.

Baba akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe. Akamwambia mdogo wangu, kama mtu anayetoa taarifa tu, "Huyu ndiye aliyeniambia nirudi kesho."

Nimesoma chuo, nina cheti. Na ndiye mimi niliyemwambia hivyo.

Turudi nyumbani basi. Tumefika geti la nyuma, kufuli linatuangalia, ufunguo uko kwenye droo ya duka lililofungwa. Profesa alikuwa ametoka masomoni, akapanda ukuta na nyundo. Huku anagonga anasema tangu jana alitaka kuniambia, ila alikatazwa na serikali ya watu wawili. Pigo la sita kufuli likaachia.

Baba akaingia. Akachuchumaa. Akasoma namba taratibu, moja moja, kidole kikizifuata. Mabega yakashuka.

"Nimefika," akasema.

Kisha akageuka akaniona. Mara hii aliniona mimi. Akasimama haraka, akajifuta mdomo kwa kiganja, na ule mkono wa koti uliochanika akauficha nyuma. Akatabasamu. "Leo umerudi mapema, mwanangu. Kazi ilikuwa nyepesi?"

Nikasema ndiyo, baba. Ilikuwa nyepesi.

Alipolala kidogo kabla ya chakula, nikamfuata Redio jikoni. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata nilipomtukana.

Aliendelea kusuuza vikombe. Akasema baba ndiye aliyemwomba. Kuna siku akili yake inamrudia vizuri, anajua kinachomtokea. Siku mojawapo alimwita akamwambia, "Dada yako asijue. Yule moyo wake mwepesi. Akijua ataacha kazi, atakaa hapa ananililia, nami nitakuwa nimemharibia maisha."

"Kwa hiyo wewe ukaona bora nikuite malaya?"

"Hukuniita malaya," akasema. "Ulisema la mama."

Niliinamisha uso kwenye sinki.

Miaka yote najisifu kimoyomoyo kwamba mimi ndiye mwenye huruma nyumbani kwetu. Kumbe huruma yangu ilikuwa mzigo, wakaamua kunificha ili wasiubebe.

Sasa hivi tumeshampeleka baba kwa daktari, Redio ndiye aliyemshawishi. Mbele ya baba mimi bado sijui kitu. Bosi amenikubalia niwahi kutoka, lakini siendi nyumbani moja kwa moja. Nikitokea tu mlangoni, baba anajikaza, anajifanya mzima, na kujikaza kule kunamchosha mpaka anashindwa kula. Kwa hiyo nasimama kwenye kona, pembeni ya kinyozi, na mkoba wangu. Simu inalia. Redio ameandika neno moja: tumefika. Ndipo nami naenda.

Kama nyumbani kwako kuna binti au kijana aliyenyamaza ghafla, muulize kuna nini. Ukishauliza, kaa kimya muda mrefu kuliko unavyoona unatosha. Mimi niliuliza mara nyingi sana, ila kila swali nililouliza nilikuwa nimeshalijibu.

Na lile neno la mama, nimemwomba mdogo wangu msamaha mara nne. Mara zote nne ameniambia niachane nalo, yeye alishasahau.

Naishi na mtu anayesahau kweli. Namjua anavyokuwa.

Redio hajasahau.