Kamera Kumi na Tisa na Picha ya Mama Mkwe

Mtengeneza miwani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimbatiza Mikunjo, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kununua kamera za kale. Si hizi za kubonyeza ukaondoka. Ni zile za filamu pana, ambazo ukigusa kitufe kilango kinafyatuka, lenzi inachomoza mbele, na nyuma yake ngozi yenye mikunjo inajinyoosha. Akiiona moja sokoni, imekaa kati ya pasi mbovu na kiatu cha mguu mmoja, moyo ulimwenda mbio kama amekutana na mchumba.

Alikuwa nazo kumi na tisa. Na picha? Hajapiga hata moja! Yeye kazi yake ilikuwa kuzitibu. Alipaka ngozi mafuta, akaziba vitobo kwa gundi na rangi nyeusi, kisha akajifungia kabatini katikati ya nguo za mkewe, tochi ndani ya kamera, atazame kama kuna mwanga unaovuja. Siku moja mkewe alifungua kabati kutafuta gauni, akamkuta amechuchumaa humo saa nne asubuhi, jasho linamtiririka.

"Hebu toka humo, mtu mzima wewe," mkewe alisema. "Na unisikilize vizuri. Mama ana miaka tisini na hana picha hata moja ya maana. Simu hazitaki, anasema zinamnyemelea. Jumapili anakuja. Mpige picha kwa hilo kopo lako. Picha ikitoka, makopo yatakaa. Isipotoka, yote nje!"

Mikunjo alicheka cheko la mdomoni tu. Kamera zile alizipenda kuliko meno yake mwenyewe.

Alichagua iliyo nzuri kuliko zote. Tatizo, lenzi ya mbele ilikuwa imegoma kuzunguka, grisi imeganda kama sabuni. Sasa, kazi hii ina sheria moja, na yeye mwenyewe aliwahubiria wateja wake wa miwani mpaka wakaikariri: kabla hujafungua lenzi, weka alama ya penseli pale ilipokaa. Ukiirudisha mahali pengine, hata kwa kidogo tu, kamera itaona vya mbali na vya karibu itavivuruga. Haya, Jumamosi bwana mkubwa akafungua, akasafisha, akarudisha. Alama hakuweka. Alikuwa anapiga mluzi.

Jumapili mama mkwe akaketishwa uani. Mkewe alisimama nyuma kabisa, mlangoni pa jikoni, taulo begani. Kamera ikafyatuka.

"Hiki angalau kina adabu," mama mkwe alisema. "Kinafungua mlango kwanza."

"Usitikisike, mama."

"Nitikisike niende wapi?"

Picha nane, filamu ikaisha, ikapelekwa dukani kusafishwa. Jumapili iliyofuata bahasha ikafunguliwa mama mkwe akiwepo. Lo! Picha zote nane mama mkwe amekuwa ukungu, hana pua wala mdomo. Lakini nyuma yake, mlangoni, mkewe ametoka safi, hata nyuzi za taulo zinahesabika. Mikunjo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe alizitazama, akarudi jikoni.

Mama mkwe alichukua picha moja, akaisogeza karibu na uso, akakaa nayo.

"Mbona mwanangu amechoka hivi?"

"Samahani sana mama, ni ile lenzi..."

"Nani amekuuliza lenzi? Mtazame. Mabega hayo! Macho hayo! Unauza miwani, unaishi naye nyumba moja, mpaka kopo likuoneshe?"

Mikunjo akatazama. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwasha. Mwanamke yule wa mlangoni hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa siku nyingi, na Mikunjo hakukumbuka ni lini alimtazama usoni bila bisibisi mkononi.

"Hii naondoka nayo," mama mkwe alisema, akaitia mkobani.

Mikunjo alimfuata mkewe jikoni, akamkuta anaosha vyombo.

"Mke wangu, umechoka tangu lini?"

"Tangu kamera ya nne," mkewe alijibu bila kugeuka.

Kesho yake Mikunjo hakufungua duka. Alizibeba kamera hadi sokoni, akaziuza moja moja, akilia waziwazi mbele ya wauza pasi. Ziliposalia tatu, akarudi nazo nyumbani.