Kompyuta Iliyovikwa Vitambaa

Enzi zetu huko Ganda, mtu hakuikaribia kompyuta na viatu. Ulivivua mlangoni, ukajipangusa nyayo kwenye gunia, ukaingia umenyamaza kama mtu aendaye kumwamkia mkwe. Leo mpwa wangu Kadzo hulala na simu mkononi, na ikikawia kidogo kufungua picha huiita takataka. Wenzangu mliokulia huku mtanielewa nikisema kwamba sisi tuliwahi kusimama mbele ya mashine kuukuu tukasahau kupumua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja shule nzima, katika chumba kilichopakana na darasa la saba. Waliotupatia walitupatia imeshachoka. Ukiiwasha somo linapoanza, kengele ya mapumziko huikuta bado inafikiria. Tulitoka tukala viazi vya karai kwa ukwaju, tukarudi midomo inawasha pilipili, nayo bado inafikiria. Hata hivyo kila mwanafunzi aliwekewa zamu ya kuandika jina lake, na yangu ilikuwa haijafika.

Hawe Mbeyu, bibi yangu mzaa mama, alikuwa fundi wa kufuma vitambaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina chake, kochi lina chake. Basi naye akaifumia kompyuta viwili, kimoja cha kioo na kimoja cha kikasha chake, vyeupe vyenye maua mekundu pembeni. Kioo tulikifunua tukifanya kazi. Kikasha kilibaki kimevikwa, vumbi lisiingie.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Karisa, naye alikuwa na hoja yake. Mahindi ya chakula chetu yalikuwa yakilowa kwenye stoo inayovuja, ilhali chumba kikavu kimepewa mashine isiyoamka. "Siku ya wazazi ikifika bado imelala," akasema, "tutamwita mtu wa vyuma chakavu." Nilihisi kama ninayesikia jirani anapangiwa kuhamishwa, na jina langu sijaliandika.

Mwalimu Dama hakubishana naye. Alikwenda Kilifi akarudi na diski ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao wenyewe wameuacha wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuunakili na kuurekebisha. Juu yake angeweka eneo-kazi jepesi, yaani ule uso wa kompyuta wenye madirisha na vitufe, lakini usio na marembo ya kuilemea mashine. "Hii haijafa," akatuambia. "Imebebeshwa tu." Kwamba watu tusiowajua waliketi wakaandika kitu kama kile, kisha wakakitoa bure hadi kikafika Ganda, hunishangaza mpaka leo.

Lakini ule mstari unaoonyesha kazi ilipofikia ulikwenda mpaka katikati, kisha mashine ikazima. Tukaanza upya, ikazima tena. Wengine waliisingizia stima, kwamba umeme ni hafifu, wengine wakanong'ona kwamba cha bure kina mwenyewe. Mzee Karisa alipita dirishani akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Hawe Mbeyu akavichukua vitambaa kwenda kuvifua, wageni wavikute vinang'aa. Asubuhi ya siku yenyewe vilikuwa bado kwenye kamba, na Mwalimu akajaribu mara ya mwisho. Mstari ukafika katikati. Ukapita. Nilisikia feni ndogo ndani ya kikasha ikivuma, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia vizuri. Mashine ikamaliza, ikajizima na kujiwasha yenyewe, na kabla Mwalimu hajamaliza kujipangusa jasho eneo-kazi lilikuwa limeshafunguka: buluu tupu, utepe mmoja chini, saa ndogo pembeni. Nilitaka kulia kwa namna ile ilivyokuwa nzuri.

Ndipo Hawe akaingia na vitambaa vyake mkononi. Mwalimu akakigusa kikasha, akakiona hakichomi kama siku zote, akaangua kicheko.

"Mama, kumbe ilikuwa inazimwa na joto; tulikuwa tunaifukiza kama mgonjwa wa homa."

"Haya," Hawe akasema, akivikunja. "Mie namvika, kumbe namnyima pumzi."

Mzee Karisa alikuja na wazazi wengine, akasimama kizingitini akitazama.

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile, baba," Mwalimu akamwambia.

Akainama, akavua viatu, akaingia. "Mahindi tutayatafutia pahali pengine," akasema. Siku hiyo niliandika jina langu, polepole, kwa kidole kimoja.

Sasa nina duka la kutengeneza kompyuta mjini Malindi. Juzi Kadzo aliniletea laptopu yake ya zamani. "Shikamoo, shangazi. Hii imekufa, ninunulie nyingine." Nikaianza kazi ya kuiwekea eneo-kazi jepesi. Mstari ule ule ukaanza kutambaa, na nikauangalia mpaka mwisho. Kadzo alikuwa kwenye simu yake. Ilipofunguka akaitupia jicho, akasema, "Imekubali. Ahsante, shangazi," akaitia begini.

Simlaumu. Kwake ni jambo la kawaida, na hilo ndilo tulilolitaka tulipoipigania ile moja. Ila nilimwonea huruma kidogo, na labda nilijionea mimi. Nilipoinuka kumsindikiza nikahisi sakafu baridi. Viatu vyangu vilikuwa kule mlangoni, na sikumbuki nilivivua saa ngapi.