Kilo za Mama Mkwe

Walimwita Kanali kwa sababu ya shati. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe, na mabegani utepe wa dhahabu alioushonesha kwa fundi kabla hata hajaanza kazi. Miaka kumi na moja aliendesha gari la wagonjwa, akaacha, akasomea urubani ukubwani, na leseni akaipata. Lakini kampuni iliyomchukua ilitua kwenye viwanja vya milimani, na huko leseni peke yake haikufikishi mbali. Kila kiwanja unajifunza upya, na mwalimu lazima akutilie saini.

Kiwanja cha siku ile kilikuwa kipande cha nyasi kilichoegemea mlima. Unatua ukipanda, unaruka ukishuka, na nyasi zikiisha ni bonde tu. Katikati waliweka pipa jeupe. Ukifika kwenye pipa na mwendo haujatimia, unakanyaga breki, hakuna mjadala. Kanali alikuwa ameshafeli hapo mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Akikosa saini, kazi hana, na gari la wagonjwa lilishapata dereva mwingine.

Kutua alitua vizuri, mpaka Mwalimu, mama mmoja mfupi asiyependa maneno, akaguna, "Mm." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Ikabaki kuruka na abiria wanne.

Sasa, huko juu hewa ni nyepesi na ndege ni ndogo, kwa hiyo kila abiria anapanda mizani na mzigo wake. Mlinzi wa kiwanja, mzee anayefukuza mbuzi na kukata nyasi, ndiye anayeandika fomu, na kilo za watu anazitangaza kama yuko mnadani. Waliokuja kutazama ndege wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Nesi, sitini na mbili!" Nesi naye akacheka. Wafanyabiashara wawili wakapita. Kanali akainua macho amwone wa nne. Mama mkwe!

Mama huyo alikuwa amepanda huko mlimani kumuuguza dada yake, sasa anarudi. Huyu ndiye mtu pekee katika ukoo mzima wa mkewe aliyesema, "Mwacheni mtoto wa watu ajaribu." Na ni mama mwenye mwili wake, tuseme hivyo, tuyaache.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kumbe leo unanirusha wewe!"

Akauinua mguu kuuweka kwenye mizani. Umati ukanyamaza, unasubiri namba. Kanali akaona aibu ya kufa mtu. Amsimamishe mkwe wake pale, atangazwe kama gunia?

"Mama, wewe pita tu."

"Rubani, huyu bado," mlinzi akasema.

"Andika sitini na tano, mzee. Usinifundishe kazi."

Mlinzi akamtazama, akaandika. Mama mkwe akapanda na begi lake mapajani, nalo halikupimwa.

Mwalimu alishakaa ndani ya ndege, hayo hakuyaona. Ndege ikaanza kuteremka. Kanali akaisikia mara moja, nzito, inajiburura. Pipa likaja, mwendo haujatimia, na yeye, jamani, mkono ukaganda! Eti labda bado kidogo itanyanyuka. Mwalimu ndiye aliyekata moto wa injini na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili. Walisimama hatua chache kutoka kwenye ukingo. Nesi alikuwa analia.

Waliposhuka, Mwalimu akaishika fomu. "Sitini na tano ya nani hii? Nani kaandika?"

"Mimi," mlinzi akasema, akamtazama Kanali.

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu. Kanali akatazama viatu vyake.

"Mzee, unataka kutuua?" Mwalimu akawaka. "Kazi ya mizani imekushinda, si useme apewe mwingine!" Mlinzi akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Na Kanali, mwanamume mzima mwenye utepe wa dhahabu, bado anatazama viatu.

"Mwalimu, mwache huyo baba," mama mkwe akasema. "Sikupimwa. Mkwe wangu aliniambia nipite." Akaenda mwenyewe mpaka kwenye mizani, akapanda na begi lake, akasoma kwa sauti, "Mia moja na kumi na moja. Nimesema hivyo kuna aliyekufa?"

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu hakupiga kelele tena. Alitoa kalamu, akakata jina la Kanali kwenye fomu. "Hawa wamelipa nauli, na nesi ana damu ya wagonjwa ya kupeleka maabara. Wa kubaki ni wewe. Saini yangu usahau. Gari la kesho litakushusha."

Mama mkwe akahamishiwa mbele, kwenye kiti cha Kanali. Safari hii ndege iliacha nyasi kabla ya pipa.

Kanali alijikokota mpaka kwenye benchi ya mlinzi. 

"Mzee," akasema, "nisamehe. Ningesema. Nilikuwa nataka kusema."

Mlinzi alikuwa anaikunja fomu.

"Mkweo ameshaniomba msamaha," akasema. "Alipiga magoti pale nyuma ya ndege, mtu mzima yule. Wewe pumzika tu."

Kanali akajifunika uso kwa mikono yake, akalia.