Riwaya ya Harub Iliyochomwa Ibra

Mume wangu, Harub, alikuwa mkimbiaji wa yadi mia Unguja, miguu mitupu, na hapakuwa na wa kumshika. Mapinduzi ya mwaka 1964 yakamkatiza, akiwa na miaka ishirini na sita. Mwaka 1972 tukaja huku Ibra, Omani, kwa jamaa zake, waliompokea vizuri na kukicheka Kiarabu chake vizuri zaidi.

Akapata kazi ya kuliandikia gazeti habari za michezo. Alipanda Datsun yake, leo Sur, kesho Nizwa, akarudi kajaa vumbi. Kiarabu cha mpira alikijua, basi. Mhariri alimnyooshea sentensi, kisha akatia jina lake mwenyewe. Miaka kumi na miwili! Mwizi mkubwa yule, nasema bila ya kumumunya maneno.

Katikati ya hayo, mwaka 1980, Harub akaanza riwaya ya Kiswahili, habari za mkimbiaji na binti yake. "Hii hataigusa," alisema. Aliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyozoea tangu chuo cha Kurani, na juu ya kila sura Bismillahi. Akaiandika miaka sita. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya sanduku chini ya kitanda chetu.

Sasa sikilizeni ujinga wake. Binti yetu Rahila alipoanza skuli, wenzake walimwita Mzinjibari, mtoto wa wachawi. Harub akapiga marufuku Kiswahili mbele yake, mpaka mtoto akakisahau.

"Baba Rahila, unamkata ulimi mtoto," nilimwambia.

"Mwanangu hachekwi nami ni hai. Khalas, Khole, yamekwisha."

Nami nikamtii, na kwa hilo najichukia mpaka leo.

Mwaka 1986 Rahila, miaka kumi na tano, alishikwa na homa wiki nzima. Siku moja, akitafuta shuka, akafungua sanduku. Akaona herufi anazozijua, lakini maneno hayaeleweki, Bismillahi juu, na kila ukurasa jina Rahila. Harub alimpa binti wa riwayani jina la mwanawe, na hakumwambia.

Nilipotoka jikoni, moto ulikuwa unawaka uani, sanduku kando yake, na Rahila anatupia karatasi za mwisho.

"Sihir, mama!" alilia kwa Kiarabu. "Mtu kaniroga, ndiyo maana naumwa!"

Harub alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Aliliona sanduku tupu, akashika kanzu yake akakimbia, na miaka yake arubaini na minane. Sijapata kumwona akikimbia vile. Akachelewa.

Rahila akauliza karatasi zile zilikuwa nini. Harub akafungua mdomo. Kiarabu chake cha mabao na kona hakikumfaa. Akanigeukia mimi.

"Mwambie mwenyewe," nilisema. "Kwa lugha uliyomnyima."

Akakaa chini pale palipoungua, akachota kiganjani.

"Majivu," alimwambia. "Sema, mwanangu. Majivu."

Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kumfundisha binti yake tangu alipokipiga marufuku, na Rahila alilitamka vibaya.