Kutawadha kulivyoniokoa chini ya bahari

Wakuu, salamu kwenu. Nina furaha mpaka kukaa kitako nashindwa, kwa hivyo someni kisa hiki kama kilivyo, chumvi sijatia.

Mimi ni mama wa mtaa wa Bondeni, hapa kisiwani, kazi yangu kukaanga samaki. Bahari naiona kila siku ila kichwa sijawahi kukitia ndani. Wifi yangu Mwanasha ndiye mpiga mbizi wa ukoo, na picha zake za matumbawe ndizo zilizonitia wazimu. Jumapili nikamwambia nipeleke.

(Kabla hamjauliza: nilivaa nguo ya kuogelea ya kufunika mwili wote, na kilemba juu.)

Kulikuwa na mtihani kwanza, kwenye maji ya kifuani. Unapiga magoti chini, unaingiza maji kwenye mask, ile miwani inayofunika na pua, kisha unayatoa hukohuko kwa kupuliza pua.

Ukishindwa, mwambani huendi. Unabaki kwenye boti wenzako wakishuka.

Wakuu, nilishindwa! Maji yakigusa pua tu nafurukuta kama kuku, naibuka nakohoa. Nikarudia, yaleyale. Mwalimu wa mbizi aliyekuwa akitupima akasema kwa upole nijaribu mara ya mwisho. Machozi yalinilengalenga, na hasira juu.

Mwanasha akanisogelea.

"Wifi, ukitawadha, maji ya puani wayatoaje?"

"Nayapenga."

"Basi yapenge."

Nikazama. Maji yakaingia, nikayapenga kama niko bombani kwangu. Mask ikabaki kavu. Jambo nalifanya tangu utotoni, kumbe ujuzi ninao!

Huko mwambani sasa, Subhanallah. Kasa alitupita bila hata kututazama.

Halafu pono. Mimi pono namjua wa kwenye barafu, keshapauka. Huyu alikuwa kijani, buluu na waridi, anatafuna mwamba na meno unayasikia kabisa.

Nikacheka. Kumbe ukicheka mask inaachia, maji yakanijaa mpaka machoni. Mwalimu akanijia mbio. Nikamzuia kwa mkono, nikapenga mwenyewe, nikafungua macho. Pono yuko palepale, bado anatafuna.

Nilichojifunza: ukiambiwa jambo huliwezi, angalia kwanza kama hulifanyi kila siku nyumbani kwako.

Wenzangu mliozaliwa kisiwani na bahari mnaijua kwa juu tu, kinachowazuia ni nini? Semeni hapa.

Na wateja wangu mlioko humu, mniwie radhi. Wiki hii pono sikaangi, nimejaribu nikashindwa.