Dakika Nzima

Wauguzi wa wodi ya watoto walimwita Bi Saa, kwa ajili ya saa ndogo aliyoibana kifuani kichwa chini, ili aisome kwa kuinamisha macho tu. Miaka ishirini na sita alizunguka nayo kitanda kwa kitanda. Mtoto akiletwa anahema, humfunua fulana, hutazama tumbo likipanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha huzidisha mara mbili. Foleni ndefu, mikono michache, nani angemlaumu? Wanafunzi wake wote aliwafundisha hivyo, nao wakawafundisha wengine, na mazoea yana tabu.

Alipopangiwa mafunzo ya juu ya kupima watoto na vijana, aliguna. Mtu mzima arudishwe darasani, akae dawati moja na mabinti ambao walipokuwa wanazaliwa yeye alikuwa kazini tayari! Lakini bila cheti kile asingepewa usimamizi wa wodi, basi akanunua daftari, akaenda.

Siku ya tatu mkufunzi, kijana mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliwasha video ukutani. Mtoto mchanga wa wiki tano, kifua wazi. Akawaambia wahesabu pumzi, kila mtu aandike jibu lake. Bi Saa alimaliza kabla ya wote, akaandika hamsini na nne, akafunika kalamu. Chini ya sitini, mtoto salama.

Jibu lilikuwa sitini na sita.

Mabinti wakacheka chini chini. Mkufunzi hakucheka. Alimwuliza amehesabu vipi, akajibu bila haya, nusu dakika, kama ilivyo kawaida. Kijana akairudisha video. Akawaonyesha kwamba mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio kama mtu mzima: hupumzika kidogo, mpaka udhani amelala vizuri, halafu hukimbiza pumzi. Nusu ya kwanza hudanganya. Ndiyo maana huhesabiwa dakika nzima, na ikizidi sitini, unarudia.

“Mama,” akamwambia kwa upole, “huyu ungemrudisha nyumbani.”

Bi Saa alikuwa amekwisha kumrudisha mmoja.

Miaka minne nyuma, binti yake alimletea mjukuu wa wiki tano, hanyonyi vizuri. Ilikuwa asubuhi, ukumbi umefurika. Alimhesabu mjukuu wake mwenyewe kama alivyowahesabu watoto wa watu: ishirini na sita, mara mbili, hamsini na mbili. Mafua tu hayo, akasema, mfunike vizuri. Kesho yake mchana mtoto akafa. Waombolezaji wakasema kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia pamoja nao. Tuseme ukweli, lile neno lilimfaa sana siku ile.

Lakini binti aliendelea kuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka mama mtu akachoka, akampa sababu: labda ulimwogesha maji ya baridi. Alilisema mara moja tu, wala hakulirudia. Hakukuwa na haja. Tangu hapo binti alichemsha kila tone la maji nyumbani kwake, hata ya kuoshea vyombo, na habari ya kuzaa mtoto mwingine hakutaka kuisikia.

Jumamosi mchana Bi Saa alibisha mlango wa bintiye. Alimkuta jikoni, sufuria ya maji motoni inafuka, vyombo vichafu vinasubiri. Alikataa kiti. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, yakampotea yote, akabaki na machache: kwamba hakuhesabu sawasawa, kwamba alihesabu nusu, kwamba mtoto alikuwa na homa ya mapafu na dalili ilikuwepo, yeye hakuisubiri.

Binti alizima jiko. Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja.

“Na maji ya baridi je?”

“Hayakuwa maji, mwanangu. Nilitafuta pa kuegemeza lawama.”

“Ukaniegemezea mimi.”

“Nilikuegemezea wewe.”

Bi Saa alingoja atukanwe, na kwa kweli angeshukuru. Binti alimtazama kifuani, palipobanwa ile saa, maana hata siku za mapumziko haikumtoka.

“Hiyo dakika nzima,” akasema, “nioneshe ilivyo.”

Bi Saa hakuelewa, kisha akaelewa. Akainamisha macho, akangoja mshale ufike juu, akasema, sasa. Wakasimama. Mshale ukazunguka. Maji yakaacha kutokota ndani ya sufuria. Nyumba ya jirani mtu aliburuta kiti. Nusu ilipopita, macho ya Bi Saa yalitaka kuiacha saa yenyewe, kwa mazoea ya miaka. Akayazuia, akaendelea kutazama huku machozi yakimtiririka puani.

“Imekwisha,” akasema.

“Ni hiyo tu?”

“Ni hiyo tu.”

Binti alitikisa kichwa polepole. Akaichukua sufuria, akayamwaga maji yote ya moto kwenye karo, akafungulia bomba, akaanza kuosha vyombo kwa maji ya baridi. Hakumwambia mama yake akae, wala hakumwambia aondoke.