Nilivyomfikisha Beberu wa Shangazi Mapinga

Mimi si mtu wa safari. Kilichonitoa Fukayosi ni machozi ya shangazi yangu, Bi Zuhura, anayeishi Mapinga. Idi ya Kuchinja ya mwaka jana alinunua mbuzi kwa mfanyabiashara mmoja. Mbuzi akaletwa amefungwa miguu yote minne, amelaliwa na wenzake njia nzima, akashushwa mguu umevunjika. Mnyama wa udhia, yule wa kuchinjwa kwa ibada ya Idi, hatakiwi kuwa kilema. Yule akawa kitoweo tu, na shangazi, ambaye umri umeshamtupa mkono na hajui zimembakia Idi ngapi, alilia huku watu wakila pilau. Mwaka huu alinipigia simu mapema. Alitaka beberu wa zizini kwangu, na alitaka nimpeleke mimi mwenyewe.

Nikamchagulia Bwana Harusi, mweupe, mwenye mwendo wa maringo. Kama yupo mtu Fukayosi mwenye mbuzi kuwashinda wangu, ajitokeze.

Asubuhi ya safari, shemeji yangu Omari, mume wa mdogo wangu, alikuja na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, na kamba mkononi. Nilimwuliza kamba ya nini. Akasema ya kufungia miguu, ndivyo wafanyavyo wote. Nikamjibu kwamba akitaka kufunga miguu aanze na yangu. Tukamwaga mchanga kwenye bodi ili mbuzi asiteleze, tukatandika nyasi kavu, tukatundika turubai la kivuli. Omari akanung'unika kwamba hata mkewe siku ya harusi hakupakiwa kwa heshima hiyo.

Majirani nao walikuja na maganda ya muhogo mabichi, maana kila mmoja alitaka kumlisha mnyama wa udhia apate sehemu yake ya thawabu. Huo ndio wema wetu sisi watu wa huku, na umeshaua mbuzi wengi kwa kuvimba tumbo kabla ya Idi. Niliyapokea kwa shukurani, nikayamwaga nyuma ya nyumba walipoondoka.

Tulipofika Makurunge tuliikuta bodaboda mbele yetu. Nyuma ya dereva, mbuzi mwekundu alikuwa amelazwa kwenye kiti kama gunia la mkaa, miguu imekazwa kwa mpira wa tairi, kichwa kinaning'inia karibu na bomba la moshi. Damu ilinichemka. Nilimwambia Omari apige honi mpaka yule bwana asimame.

Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mstaarabu, akaniamkia vizuri. Mbuzi alikuwa wa udhia, akimpeleka nyumbani kwake Kerege.

"Mama, si ni mbuzi tu," alisema. "Keshokutwa anachinjwa."

"Keshokutwa ndiyo atachinjwa," nikamwambia. "Leo hajachinjwa. Dini yako imekukataza hata kunoa kisu mbele ya macho yake, wewe unampikia kichwa kwa moshi?"

Akafungua mpira. Mbuzi alipowekwa chini miguu ilikataa, akaanguka kwa magoti. Uso wa yule bwana ukabadilika, na nilimwonea huruma, kwa sababu niliyakumbuka machozi ya shangazi yangu ya mwaka jana. Nikamwambia amlete garini kwetu, na yeye atufuate kwa pikipiki yake.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Mwekundu naye alikuwa beberu, na damu iliporudi miguuni, jambo la kwanza alilotaka ni ugomvi. Tulikuwa hatujalifikia daraja la Ruvu walipoanza kugongana pembe. Omari akashauri tufunge miguu, na macho yake yalicheka. Badala yake nilihamia nyuma, nikakaa katikati yao kwenye mchanga, mgongo kwa Bwana Harusi, miguu kwa mwekundu. Kila aliyetaka kumpiga mwenzake alinipiga mimi.

Bagamoyo mjini tulisimama kwenye kivuli tukawanywesha maji. Watu walinitazama, mwanamke mzima na dera lake amekaa kati ya mabeberu wawili, na wengine walicheka wazi. Niliinua kidevu. Siku hiyo sikuwa na haya hata chembe.

Kerege tulimshusha mwekundu. Alisimama. Mwenyewe alimzungusha mara mbili, akamkagua miguu, kisha akaja kunishika mkono.

Mapinga tulifika jua limepungua ukali. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa garini. Omari akashusha ubao, na Bwana Harusi akateremka mwenyewe, akatembea kwa maringo yake yaleyale mpaka kwenye ndoo ya maji. Shangazi alimfuata. Akampapasa miguu mmoja baada ya mwingine, pembe, masikio, akamtazama macho yote mawili. Kisha akageuka kunitazama mimi ninavyochechemea kumjia, paja limevimba, samadi mpaka kwenye mtandio.

"Alhamdulillahi, mbuzi anafaa," alisema. "Wewe mwanangu ndiye usiyefaa mwaka huu. Kilema hachinjwi."

Alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akalia, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Siku ya Idi, baada ya sala, nilimshika mkono akasimama karibu udhia wake ukichinjwa.

Tuliporudi Fukayosi, mtu alikuwa anamngoja Omari ampakilie mbuzi, kamba mkononi. Omari alimwambia, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba kwenye gari lake miguu haifungwi, na atafute mchanga. Nilimwacha ajisifu. Nilichojifunza ni kwamba heshima ya mnyama huonekana akiteremka, si akipakiwa. Paja liliniuma wiki nzima, na kila aliyeniuliza kwa nini nachechemea nilimkaribisha kiti, nikamsimulia tangu mwanzo.